Kabla ya dozi ya kwanza ya kemo: jiandalie siku za nyumbani

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 37 na watoto wawili, wa miaka 11 na 6. Nimefanyiwa upasuaji wa titi la kushoto, tezi za kwapani zikaondolewa, na mbili kati ya hizo zimekutwa na saratani. Nimeambiwa nitaanza kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, baada ya wiki mbili na nusu: dozi nne za AC (doksorubisini na siklofosfamidi kwa pamoja), kisha dawa nyingine, paklitakseli, kila wiki kwa wiki 12. Tangu hapo silali. Kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia niache nyama na sukari, mwingine ameniletea dawa ya mitishamba ya kusafisha ini, jirani anasema mama yake alitapika mpaka akalazwa. Naogopa kutapika, naogopa watoto kuniona sina nywele, na kwa kweli sijui hata nianzie wapi. Nijiandae vipi?

Jibu: Dada yangu, pole kwa upasuaji, na pole kwa usingizi uliokukimbia. Hofu yako nimeielewa, na karibu kila mama ninayekutana naye kabla ya dozi ya kwanza anakuja nayo. Anauliza sindano inaumaje, atakaa kwenye kiti saa ngapi, dawa ikiingia mwilini atajisikiaje. Ni maswali ya haki. Lakini siku ya dripu ndiyo siku utakayoangaliwa kuliko siku zote. Muuguzi yuko hatua chache kutoka ulipo, dawa za kuzuia kutapika umeshapewa, na ukikunja uso tu kuna mtu atakuuliza kulikoni. Kemo huonyesha makali yake ukiwa umesharudi nyumbani. Kuanzia siku ya pili hadi ya tano ndipo tumbo linapochafuka na mwili kulegea. Kati ya siku ya saba na ya 14 ndipo chembe nyeupe za damu zinaposhuka na kinga ya mwili kudhoofika. Hapo muuguzi hayupo. Upo wewe, wanao, na simu. Kwa hiyo karibu yote nitakayokueleza yanalenga siku hizo.

Kwanza uelewe kwa nini unapewa dawa hii ilhali uvimbe umeshatolewa, maana asiyejua anachokipigania huchoka njiani. Upasuaji umeondoa saratani inayoonekana. Kukutwa kwa saratani katika tezi mbili kunaonyesha kwamba seli zilishapata njia ya kutoka nje ya titi, na huenda chache zimejificha mahali ambapo hakuna picha inayoweza kuziona. Kemo inapita na damu mwili mzima kuzifuata huko. Mwaka 1976 Gianni Bonadonna na wenzake wa Milan walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanawake wenye saratani katika tezi za kwapa waliopewa kemo baada ya upasuaji walirudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliofanyiwa upasuaji peke yake. Dawa zimeboreshwa sana tangu hapo. Majaribio mengi yalipochambuliwa kwa pamoja, matibabu ya kundi unalopewa wewe yalionekana kupunguza vifo vya saratani ya titi kwa takriban theluthi moja. Kwako wewe hiyo theluthi ina uzito gani? Inategemea hatari uliyoanza nayo, na daktari wako anazo taarifa za uvimbe wako kuliko mimi. Muulize hivi: bila kemo uwezekano wa saratani kurudi ni kiasi gani, na nikiipata ni kiasi gani? Una haki ya jibu hilo kabla ya kutia sahihi.

Sasa yapo mambo ambayo yakipita wiki hizi mbili hayafanyiki tena kwa urahisi. Anza nayo kesho asubuhi.

La kwanza ni uzazi. Hukusema kama ungependa mtoto mwingine, nami sitakuamulia. Ninachosema ni kwamba siklofosfamidi, ile herufi C katika AC, huumiza mayai. Hedhi inaweza kusimama kwa muda au isirudi kabisa, na kadiri umri unavyokaribia na kupita miaka 40 ndivyo uwezekano wa kutorudi unavyoongezeka. Kama kuna hata chembe ya "labda" moyoni mwako, mpigie daktari simu kesho na umwambie unataka kuonana na mtaalamu wa uzazi kabla ya dozi ya kwanza. Kuvuna na kugandisha mayai huchukua takriban wiki mbili na siku hizi kunaweza kuanza siku yoyote ya mzunguko wa hedhi, kwa hiyo muda unao, ila si wa kuchezea. Ipo pia sindano ya kuzilaza ovari wakati wa kemo, goserelini, ambayo huanza angalau wiki moja kabla ya dozi ya kwanza. Na hata kama umeshafunga ukurasa wa watoto, unahitaji uzazi wa mpango usio wa homoni, yaani kondomu au kitanzi cha shaba. Hedhi kusimama hakumaanishi huwezi kushika mimba, na mimba katikati ya kemo ni hatari kwa mtoto. Linasikitisha jambo hili kusahaulika, kwa sababu wanawake wengi hulisikia dawa ikiwa imeshaingia.

La pili, meno. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii, umweleze tarehe ya kuanza kemo. Jino bovu au fizi yenye usaha ambayo leo inakusumbua kidogo tu inaweza kuwa mlango wa bakteria kuingia kwenye damu pale chembe nyeupe zitakapokuwa chini. Kama kuna jino la kung'oa, kidonda kinahitaji siku kumi hadi wiki mbili kupona, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.

La tatu, vipimo. Utapimwa hesabu ya chembe za damu, ini na figo, na uzito na urefu kwa sababu dozi hupigiwa hesabu kwa ukubwa wa mwili. Moyo utapimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kwani doksorubisini, ile A, inaweza kuudhoofisha inapolundikana. Usiogope: kiasi cha kawaida ni miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili, na dozi nne zinafikisha 240, chini sana ya kiwango ambacho madaktari huanza kukihofia. Hakikisha umepimwa pia homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kisha kemo ikashusha kinga, vikaamka na kushambulia ini. Akigundulika mapema mtu hupewa dawa ya kuvizuia na kemo inaendelea. Kama kwenye orodha ya vipimo vyako hicho hakimo, kiombe kwa jina. Chanjo ya mafua, ile isiyo na virusi hai, ni vizuri ikachomwa angalau wiki mbili kabla. Chanjo zenye virusi hai usikubali kuchomwa kipindi hiki.

Halafu mishipa. Tezi zako zimeondolewa upande wa kushoto, kwa hiyo kwa kawaida damu itatolewa na dripu itawekwa mkono wa kulia. Safari yako ni ya dozi 16, na doksorubisini ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama vibaya. Muulize daktari kama unahitaji kiporti, kile kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua chenye mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa. Mwenye mishipa mizuri anaweza kumaliza bila hicho. Ambaye hata kutolewa damu ni vita, mimi ningemshauri akikubali mapema badala ya kusubiri mkono umeshavimba.

Nakuja kwenye jambo ambalo, kama ungenikataza kusema mengine yote, ningeomba uniachie hili. Ni homa.

Chembe nyeupe zikiwa chini, maambukizi ambayo kwa kawaida mwili ungeyamaliza kimyakimya yanaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache. Mara nyingi dalili pekee ni joto la mwili. Hakuna usaha, hakuna uvimbe, kwa sababu hata usaha hutengenezwa na chembe nyeupe na wewe huna za kutosha. Nunua kipimajoto kizuri sasa, ukijaribu nyumbani, ujue joto lako la kawaida. Ukijisikia baridi, kutetemeka, au hali tu isiyoeleweka, pima. Likifika nyuzi 38, unapiga simu hospitali saa hiyohiyo na unaondoka, iwe saa nane mchana au saa nane usiku. Husubiri kupambazuke. Humezi parasetamoli kwanza "uone kama itashuka", kwa sababu itashusha namba kwenye kipimajoto na kuacha maambukizi yakiendelea. Hujitibu kwa dawa yoyote iliyobaki kabatini. Ukitetemeka sana hata kama joto halijafika 38, piga simu vilevile.

Na ukifika, usikae kimya kwenye foleni. Andika kikaratasi leo, ukiweke pamoja na kitambulisho chako, kiseme: nina saratani ya titi, napata kemo ya AC, dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, nina homa. Sentensi hiyo ndiyo inayomfanya muuguzi wa mapokezi akuinue kwenye benchi, kwa sababu lengo linalokubalika ni antibayotiki ianze kuingia kwenye mshipa ndani ya saa moja tangu ufike. Mfundishe mumeo, dada yako, au yeyote anayelala nyumba moja nawe kuisema, maana unaweza kuwa huna nguvu ya kusema. Kwa hiyo kabla ya siku ya dripu hakikisha una namba mbili: ya kupiga mchana na ya kupiga usiku na siku za mapumziko. Ukipewa moja tu, uliza ya pili. Jua pia utasafiri na nani usiku wa manane na watoto watabaki na nani. Maswali haya matatu yakiwa na majibu, umeshafanya sehemu kubwa ya maandalizi.

Kama dozi zako za AC zitatolewa kila baada ya siku 14 badala ya 21, utapewa pia sindano ya kuchochea uboho kutengeneza chembe nyeupe, kuanzia siku inayofuata au muda mfupi baada ya hapo. Huleta maumivu ya mifupa, hasa kiunoni na mgongoni, na mtu asiyeambiwa hudhani saratani imehamia kwenye mifupa. Sivyo. Ni uboho unafanya kazi. Ila usimeze dawa ya maumivu kabla ya kupima joto.

Kuhusu kutapika. Jirani yako hakudanganya, na mama yake aliteseka kweli. Lakini umuulize ilikuwa mwaka gani. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, iliidhinishwa Marekani mwaka 1991, na aprepitanti, ya kundi jingine muhimu la dawa hizi, mwaka 2003. Mtu aliyepata kemo kabla yake, au mahali ambapo hazikupatikana, alipitia jambo tofauti na litakalokupata wewe ukipewa mchanganyiko kamili. AC iko kwenye daraja la juu la kemo zinazotapisha, na miongozo ya leo inashauri mchanganyiko wa dawa nne: ondansetroni au ndugu yake, deksamethasoni, aprepitanti au ndugu yake, na olanzapini. Muulize daktari, "Nitapewa zipi kati ya hizi?" Ukisoma karatasi ya olanzapini utakuta imeandikwa ni dawa ya magonjwa ya akili. Usishtuke wala usiitupe. Kwa kiasi kidogo usiku inatuliza kichefuchefu vizuri sana, ingawa italeta usingizi, na kwa hali yako ya sasa huenda usingizi huo ukaupokea kwa shukrani.

Kosa linalotokea nyumbani ni kusubiri. Mgonjwa anajisikia vizuri jioni ya kwanza, anasema dawa za kuzuia kutapika atazitunza kwa siku mbaya. Kichefuchefu kikishashika ni vigumu kukiondoa, na ukimeza kidonge unakitapika. Meza kwa saa ulizoandikiwa, hata kama tumbo limetulia, kwa siku zote ulizoelekezwa. Uwe na dawa hizo mkononi kabla ya siku ya dripu, si kwamba zitanunuliwa ukitoka. Na fahamu tabia zake. Ondansetroni hufunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo na uianze mapema. Deksamethasoni humkesesha mtu, hivyo uliza kama unaweza kuimeza asubuhi. Ukishaimaliza, siku ya tatu au ya nne, utajikuta umeishiwa nguvu na machozi yako karibu bila sababu. Mwambie mumeo siku hiyo inakuja, ili asidhani umekata tamaa. Ukitapika mchana kutwa na hata maji hayakai, hiyo ni simu kwa hospitali, si ya kuvumilia.

Chakula sasa, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu watu wanaokupenda ndio wanaoweza kukuumiza. Ni kweli seli za saratani hutumia sukari, kama zinavyoitumia seli za moyo na ubongo wako. Kuacha sukari hakuziui seli hizo kwa njaa, kwa sababu mwili hujitengenezea sukari kutoka kwenye vyakula vingine. Kinachotokea ni wewe kukonda. Na huu si wakati wa kukonda. Unahitaji protini ili kidonda cha upasuaji kifunge na damu ijijenge baada ya kila dozi: mayai, samaki, nyama, maharage, maziwa, chochote kati ya hivyo kinachokubali kushuka. Siku za kichefuchefu kula kidogo kidogo mara nyingi, vyakula vya baridi visivyo na harufu kali. Usile chakula unachokipenda kuliko vyote siku ya dripu. Ukikitapika, kinaweza kukuchukiza kwa miezi. Ambacho kweli kina masharti ni usafi: nyama na mayai yaive kabisa, maziwa yawe yamechemshwa, matunda yaoshwe vizuri kwa maji safi, kiporo cha kutiliwa shaka kitupwe.

Dawa ya kusafisha ini, iweke chini. Sisemi hivi kwa kudharau miti. Hiyo paklitakseli utakayopata ilitoka kwenye gome la mti unaoota pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini. Gome lilikusanywa mwaka 1962, Monroe Wall na Mansukh Wani wakachapisha muundo wa dawa yenyewe mwaka 1971, na ikachukua zaidi ya miaka 20 mingine hadi ikaidhinishwa kwa saratani ya titi mwaka 1994. Miaka hiyo yote ilikuwa ya kujua kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinaua. Dawa uliyoletewa haina kipimo hicho. Ini lako ndilo linalochakata kemo. Kitu chochote kinachoharakisha au kuchelewesha kazi yake hubadilisha dozi bila wewe wala daktari kujua, na vipimo vya ini vikipanda huenda kemo ikaahirishwa. Tahadhari hiyohiyo naiweka kwa vidonge vya dozi kubwa vya vitamini na antioksidanti, vile virutubisho vinavyosemwa hulinda seli. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia wagonjwa wa saratani ya titi waliopata dawa kama zako, uliona dalili kwamba waliotumia antioksidanti kabla na wakati wa kemo walirudiwa na ugonjwa zaidi. Haukuthibitisha kwamba vidonge ndivyo vilivyosababisha, lakini unatosha kukufanya uviache kabatini. Mshukuru aliyekuletea, umwambie daktari amekataza mpaka umalize. Nilaumu mimi.

Nywele. Sitakupa matumaini ya uongo: kwa AC zitakatika, karibu zote. Huanza wiki ya pili hadi ya tatu baada ya dozi ya kwanza, na mara nyingi ngozi ya kichwa huuma kidogo siku chache kabla, kama umesuka kwa kubanwa sana. Nyusi na kope huweza kufuata baadaye. Hurudi baada ya matibabu, polepole, pengine kwa namna nyingine kidogo mwanzoni. Kuna kofia za kupoza kichwa wakati wa dripu katika baadhi ya hospitali. Zinafanya kazi zaidi kwa dawa kama paklitakseli kuliko kwa doksorubisini, kwa hiyo kwako zinaweza zisifaulu. Wengi wanaokata nywele fupi kabla ya dozi ya kwanza hupata unafuu, kwa sababu kuokota mafungu marefu kwenye mto ndiko kunakoumiza. Kama utataka wigi, litafute sasa ukiwa na nywele, ili rangi na umbo vifanane. Kama ni kilemba, jifunze kukifunga kabla. Kama ni kichwa wazi, kipakie mafuta ya kuzuia jua.

Na wanao waambie kabla, si baada. Mtoto wa miaka 11 ameshajua kuna jambo. Amesikia simu zinazokatwa akiingia chumbani. Ukimficha, atajijazia mwenyewe, na anachokijaza huwa kikubwa kuliko ukweli. Wa miaka 6 anahitaji maneno machache: mama alikuwa na ugonjwa kwenye titi unaoitwa saratani, madaktari wameutoa, sasa nitapewa dawa kali ili usirudi, dawa hiyo itanichosha na itaangusha nywele, nywele zitaota tena. Watoto wana hofu tatu ambazo mara nyingi hawazisemi: kwamba wao ndio waliosababisha, kwamba wataambukizwa, na kwamba mama atakufa. Mbili za kwanza zijibu waziwazi hata kama hawajauliza. Ya tatu, mkubwa akiuliza, usimwahidi usichoweza kukiahidi. Mwambie madaktari wanakutibu ili upone, na kwamba jambo lolote likibadilika utamwambia wewe mwenyewe. Mtu anapojua ataambiwa, huacha kuchungulia. Waache waguse kichwa chako na wakukumbatie. Kinachowazuia kukusogelea ni mafua na homa zao tu, si kemo. Mwalimu wa kila mmoja naye ajulishwe.

Kwa saa 48 baada ya kila dozi, mabaki ya dawa hutoka kwenye mkojo, choo na matapishi. Choo kifunikwe kisha kimwagiwe maji mara mbili, anayesafisha matapishi avae glovu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Kondomu itumike. Mkojo utakuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa siku ya kwanza na pengine ya pili. Ni rangi ya doksorubisini, si damu. Mwekundu baada ya hapo, au ukikojoa kwa maumivu, sema hospitali. Kunywa maji mengi na usiubane mkojo, kwa sababu siklofosfamidi inaweza kuwasha kibofu.

Chukua kalenda, uweke alama siku ya dripu, halafu uzihesabu siku. Siku ya pili hadi ya tano andika jina la mtu wa kupika na wa kuwapeleka watoto shule. Siku ya saba hadi ya 14 usipange harusi, msiba wenye umati, wala safari. Wiki ya tatu, kama ratiba yako ni ya siku 21, ndiyo nzuri. Panga humo unachokipenda na kazi zisizokwepeka. Watu watakuambia, "Ukihitaji chochote sema." Mpe kila mmoja kitu kimoja chenye siku yake. Mchague mtu mmoja wa kutoa habari zako kwa ndugu wote, ili usijibu simu 20 siku ya tatu. Kisha tembea. Hata nusu saa kwa siku, kwa mwendo unaouweza, hupunguza uchovu wa kemo kuliko kulala kutwa, ingawa mwanzoni utaona kama nakuonea.

Siku yenyewe, vaa nguo inayofunguka kirahisi, kula kifungua kinywa chepesi, nenda na mtu. Chukua orodha ya dawa zote unazotumia na maswali uliyoyaandika, maana kwenye kiti utayasahau. Muuguzi ataisukuma doksorubisini taratibu kwa mkono kupitia bomba la sindano, nyekundu kweli. Wakati wa siklofosfamidi unaweza kuhisi pua inawasha au kubana, hilo hupita. Kitu kimoja tu usikivumilie kimya: mkono ukianza kuchoma au kuuma dawa inapoingia, sema papo hapo, hata kama muuguzi yuko na mgonjwa mwingine. Paklitakseli itakapoanza baadaye, sema vivyo hivyo kwa kubanwa kifua, kuwashwa au uso kupata joto dakika za kwanza, na kwa ganzi ya vidole katika wiki zinazofuata. Wagonjwa huficha ganzi wakiogopa dozi kupunguzwa, na ikichelewa kutajwa inaweza isiishe.

Siku hiyohiyo anza daftari. Tarehe, joto la mwili, umetapika mara ngapi, umepata choo au la, umelala saa ngapi, vidonda vya mdomoni vimeanza siku gani. Mistari mitatu kila jioni inatosha, na ukichoka aandike mkubwa. Wengi wakifika dozi ya pili wakaulizwa hali zao hujibu "namshukuru Mungu, nzuri", kwa sababu siku hiyo kweli ni nzuri na zile mbaya zimeshapita. Daktari anaandika dozi ileile na dawa zilezile, na yale mateso yanarudi. Wewe mkabidhi daftari kabla hajauliza, umwonyeshe siku ya tatu na ya nne, umuulize atabadilisha nini safari hii.